Pazia la Chupa la Maximilla

Maximilla wa Malukhu, mtaa wa Mbale, hatupi kitu. Ukinywa soda mbele yake, anaitazama chupa kabla hujaimaliza, na ukiendelea kuishikilia anakuuliza kama umeitolea mahari. Chupa za maji anazikata kwa kisu alichokipasha moto, zinachanua kama maua. Vikombe vya mtindi vinakuwa kengele. CD za kwaya zilizokwaruzika anazikata vipande, anabandika nyota. Kisha anapitisha taa ndani, zile taa za Krismasi za kutoka China ambazo kwa watu wengine hufa kabla ya Januari, lakini kwake zinafikia umri wa kustaafu. Ikifika Desemba, nusu ya makanisa ya Mbale yanang'aa kwa uchafu wa nusu nyingine.

Alikaa na Nicanor miaka kadhaa. Nicanor alikuwa fundi umeme, mkweli wa mikono na mwongo wa mdomo. Alikuwa na ugonjwa mmoja: taa ikizimika mbele ya watu, hawezi kutulia. Ataacha ugali, ataacha mgeni, ataacha hata sala katikati, mradi aiwashe na watu waseme, "Ah, fundi." Siku alipoondoka, binti yao Dorothy alikuwa hajaota meno. Nicanor alisimama mlangoni na begi, akasema maneno ambayo majirani wote waliyasikia, kwa sababu kuta za vyumba vyetu ni za heshima tu, sauti hazizuii.

"Siwezi kuzeeka na mwanamke wa takataka. Baki na takataka zako."

Maximilla hakulia mbele ya mtu. Alimpeleka mtoto kwa bibi yake, kijijini Busiu, akarudi kwenye chupa zake. Dorothy alipougua malaria, Maximilla alimpigia simu baba wa mtoto. Nicanor akajibu kwa sauti ya ofisini kwamba mama amekosea namba. Tangu siku hiyo ukimtajia Maximilla msamaha, anakuuliza unauzwa duka gani.

Basi ikatokea kwamba mke wa Afande Kirunda, mwanajeshi mstaafu anayekaa Kimaka kule Jinja, aliona mapambo ya Maximilla kwenye harusi ya watu. Akamwomba aje kupamba kwanjula ya binti yake Mitchelle, siku chache baada ya Krismasi. Kwanjula ndiyo siku mwanaume anapoletwa mbele ya wazazi wa msichana. Wasemaji wanaulizana, wanataniana, wanamwapia, na akipita anakuwa mtoto wa nyumba ile. Mama Mitchelle, kwa furaha yake, akatuma na picha ya mkwe. Kanzu nyeupe, Biblia kifuani. Injinia Nicanor: ameokoka, hajawahi kuoa, hana mtoto, na Mbale hajawahi kulala hata usiku mmoja.

Maximilla aliitazama ile picha mpaka chai yake ikaota ngozi. Halafu akampigia mama yule na kumwambia atakuja, na atawatengenezea pazia ambalo ukoo mzima hautalisahau. Mama Mitchelle akamshukuru Mungu.

Mimi jirani yake nilikwenda kushika ngazi, kwa hiyo haya niliyaona, sikusimuliwa.

Pazia lilisimama nyuma ya viti vya wazee, mamia ya chupa zikining'inia kwenye nyaya kama ndizi mkunguni. Za pembeni zilikuwa za soda na maji, zilizotoka jikoni kwa Afande mwenyewe, maana Maximilla hupenda nyumba ipambwe kwa uchafu wake. Lakini za katikati alikuja nazo kutoka Mbale: chupa za kunyonyeshea mtoto na vichupa vya dawa ya kikohozi. Alizokosa kwake aliokota kwa majirani. Kila moja ilikuwa na taa ndani. Na waya wa katikati ulikuwa mkongwe kuliko wote, ule ambao Nicanor aliuunga mwenyewe huko Malukhu, kiungo kikiwa kimefichwa ndani ya chupa moja ya maziwa. Kiungo kile kikilegea, mstari wote unazimika. Duniani walikuwa wawili tu wanaojua ni chupa ipi.

Nilimuuliza kwa nini asimwite Afande pembeni amwambie. Akanijibu kwamba mwanamke akisema pembeni huitwa mwenye wivu.

"Nataka aseme mwenyewe," akasema. "Tena kwa mikono yake, maana mdomo wake naujua."

Wageni walifika mchana wakiwa na vikapu, mbuzi na nyimbo. Shangazi yake Mitchelle akapita kwenye viti akimtafuta bwana harusi, kama desturi ilivyo, akamkuta na kumbandika ua kifuani. Ua la chupa, kazi ya Maximilla. Nicanor akalipapasa kwa kuringa. Msemaji wake akasimama kuapa: kijana huyu ni mlango ambao haujafunguliwa, hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Watu wakacheka. Nicanor akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyepiga pasi mpaka soksi.

Muda wote huo Maximilla alikuwa nyuma ya pazia, amekaa juu ya kreti. Jua lilipoanza kuzama, Mama Mitchelle akaagiza taa ziwashwe. Pazia likawaka lote. Watu wakashangilia, simu zikatolewa. Nicanor alizitazama chupa zile za maziwa na kutabasamu kama wengine. Mwanaume ambaye hajawahi kumlisha mtoto haitambui chupa ya mtoto hata ikimwakia usoni.

Maximilla akauvuta waya kidogo tu. Mstari wa katikati ukafa.

Kijana aliyefunga mahema akaja kupapasa chupa moja moja, akashindwa. Mwingine akatikisa plagi. Msemaji wa nyumbani akatania kwamba mkwe ni injinia, au umeme wa Jinja humwogopa? Kicheko kikapita. Nicanor akanyanyuka kabla kicheko hakijaisha. Akakunja mikono ya kanzu, akaenda moja kwa moja kwenye mstari uliozimika, akashika chupa moja, akatia vidole ndani, akaminya. Taa zikarudi. Makofi. Akageuka ili aonekane vizuri.

Afande Kirunda hakupiga makofi.

"Injinia, umejuaje ni hiyo?"

"Uzoefu tu, afande."

"Vijana wangu wamepapasa chupa kumi wakashindwa. Wewe umeiendea kama mtu anayechukua viatu vyake mlangoni." Akageukia jikoni. "Aliyetengeneza hii kitu yuko wapi?"

Maximilla akatoka nyuma ya pazia, khanga kiunoni, bila haraka. Nicanor alimwona. Mkono wake ulikuwa bado umeifunika ile chupa.

"Huyu mama unamjua?" Afande akauliza.

"Hapana, afande. Ndiyo kwanza namwona."

Maximilla akapiga goti kidogo kwa wazee, akasema kwa upole wa kutisha. "Ni kweli, hanijui. Mimi ni takataka za Malukhu. Lakini kiungo alichominya alikifunga yeye, kwa kipande cha utepe wa gauni la ubatizo la binti yake. Aondoe mkono, wazee waone kama ni chekundu au si chekundu."

Nicanor hakuuondoa. Aliikumbatia chupa kwa vidole vyote kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa. Hakuna aliyemwomba tena.

Mitchelle, aliyekuwa amepambwa kama altare, akauliza mtoto ana umri gani. Maximilla akamwambia miaka minne.

"Mwaka aliozaliwa huyo, aliniambia alikuwa mlimani akifunga na kuomba," Mitchelle akasema. Akavua bangili alizoletewa, akaziweka juu ya kikapu cha nyanya, akaingia ndani. Shangazi akamfuata Nicanor, akalichomoa ua kifuani pake.

Wageni walianza kutafuta viatu. Afande akawaambia wakae, chakula kimepikwa na hakina kosa. Kisha akamwelekea Nicanor kwa sauti ya gwaride.

"Wewe ndiye unayezijua. Panda ngazi. Zishushe, moja moja. Ukivunja, unaokota."

Nicanor akapanda na kanzu yake, mbele ya ukoo wake na wa watu. Mama Mitchelle, macho yakiwa mekundu, alimletea Maximilla sahani ya pilau mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti kilichopambwa kwa ajili ya mkwe. Maximilla akala taratibu, akitafuna kila kipande cha nyama mpaka kiishe. Kila chupa iliposhuka alionyesha kwa kijiko mahali pa kuiweka.

Nicanor akafikia ile chupa ya kiungo.

"Polepole, Baba Dorothy," Maximilla akamwambia, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. "Hiyo ina mwenyewe. Na bado hujaniambia utampelekea mwanao nini."