Kitabu cha Marehemu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wangu nimeukimbiza tangu utotoni. Kwa hivyo usidhani nilienda Lambwe kwa ushujaa. Nilienda kwa sababu nilikuwa nimekosa kitabu kila mahali pengine.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilifundisha hesabu katika shule moja ya Uriri bila cheti, nikijua siku yoyote ataletwa mwenye cheti na mimi nionyeshwe lango. Chuo kimoja mjini Homa Bay kikatafuta msaidizi wa kufundisha kompyuta. Mtihani ulikuwa kuandika programu kwa lugha ya Pascal, kwa kalamu, mbele ya watu wawili, Jumatatu. Kama ningeanguka, ningerudi kwa baba kupalilia mihogo.

Nilizunguka maduka ya vitabu ya Migori hadi wenyewe wakanichoka. Walikuwa na Biblia, vitabu vya marudio, na kimoja cha picha kilichofundisha jinsi ya kuwasha kompyuta na kuipanguza vumbi. Ati hiyo ndiyo elimu. Homa Bay, karani wa mradi fulani aliniruhusu kutazama mtandao, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tumekisikia tu. Binamu yangu alikuwa amenipa anwani ya tovuti nzuri. Kichwa cha ukurasa kikatokea, mistari miwili ikafuata, kisha laini ya simu ikakatika na karani akasema bosi yuko njiani.

Binamu huyo, mtoto wa shangazi yangu, ndiye aliyenifundisha kidogo nilichojua. Alifanya kazi ya kompyuta Nairobi, akarudi kwao Lambwe amekonda, na kitabu chake cha Pascal kikarudi naye. Alinieleza akiwa amelala, kitabu kifuani, akikohoa juu ya kurasa. Ni kitabu pekee nilichokielewa, kwa sababu kila mfano ulianza na kosa ambalo mwanafunzi angefanya. Tulimzika kabla hatujafika nusu.

Wengine walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na kwamba atakayejitwalia kitu cha marehemu kabla ya matanga kuanuliwa ataisha vivyo hivyo. Wengine walisema ni ule ugonjwa, wakinong'ona. Mimi niliogopa yote mawili. Nilijua karatasi haiambukizi mtu. Wacha nikwambie, kichwa kilijua, tumbo likakataa.

Nilifika Lambwe Jumamosi nikakuta baba wadogo wa marehemu wamevikokota vitu vyake kwa fimbo hadi nyuma ya nyumba: godoro, mashati, viatu, na juu kabisa kitabu. Mafuta ya taa yalikuwa tayari. Nikasimama kando, nikikitazama. Shangazi, ambaye kwa Kijaluo namwita Waya, aliona macho yangu yalikoelekea. Akaenda akakitoa kwa mkono. Mmoja wao akamkumbusha mwiko.

"Hiyo chira inijie mimi," akasema. "Nimebakisha nini?"

Alikiweka mezani mbele yangu, akaniambia nisome. Nikatoa kalamu na karatasi, halafu mikono ikabaki mapajani. Kwenye jalada palikuwa na doa la kahawia, na sikutaka kujua ni la nini. Nikasema macho yananiuma. Nikasema acha nipumzike kwanza. Waya si mjinga. Siku ya mazishi aliona watu wakikataa vikombe vyake. Akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Mimi nitafungua, nyathina, mtoto wangu," akasema. "Wewe soma kwa sauti. Nataka kusikia alikuwa anasoma nini."

Hakuwahi kwenda shule. Nikamsomea jinsi ya kuiambia mashine irudie kazi, na jinsi ya kuiambia iache. Kila nilipoinua macho alilamba kidole, akapindua ukurasa, akalamba tena. Nilikiona kidole kile kikienda ulimini, nikapoteza mstari. Yeye alisikiliza kama yuko kanisani. Nje godoro lilikuwa limeshika moto, na moshi uliingia dirishani.

Kisha wale baba wadogo wakamwita nje. Ukurasa ulikuwa umeishia katikati ya programu, palepale nilipokuwa sijawahi kufika. Nikanakili mistari iliyokuwepo. Nikangoja. Nikamsikia akibishana nao juu ya viatu, nikajua harudi upesi. Nikajaribu kupindua kwa ncha ya kalamu, kurasa zikagoma. Zilikuwa zimegandana kwa jasho la marehemu. Nilitaka kukimbia, aki ya Mungu. Nikaomba, halafu nikalamba kidole.

Kazi niliipata, wacha niliseme hilo liishe. Na mwaka mzima, kila nilipokohoa, nilikwenda kujipima uzito kwenye mizani ya kinu cha posho, mwenye kinu akinicheka.

Lakini siku ile Waya aliporudi, alinikuta nimesogea kurasa kadhaa. Alisimama mlangoni na viatu vya mwanawe mkononi. Wakati wote wa mazishi sikumwona akitoa chozi, na sasa machozi yalimwagika tu.

"Umemgusa," akasema. "Nyathina, umemgusa."