Walivyoyacheka Maziko Yangu

Watu wa Temeke waliicheka sinema yangu palepale nilipotaka walie. Si kicheko cha chinichini, la! Walishikana mabega, wakapiga makofi, na mie nimesimama nyuma ya mashine natamani ardhi ipasuke.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Nilikuwa mwanafunzi wa kozi ya sinema za mafunzo, zile zilizozungushwa kwa gari na kuonyeshwa uwanjani kwenye shuka jeupe. Yangu ilimhusu mama aliyechelewa kumpeleka mwanawe hospitali. Mtoto anafariki, mama anakwenda makaburini na kumtupia udongo. Mwalimu wetu Mzungu alisema wakicheka tena itakaporudiwa Jumamosi, nifungashe nirudi kwetu bara.

Nirudi kwa nani? Mama yangu alifariki nikiwa kozini, na habari ilinifikia ameshazikwa. Udongo wake sikuutupa. Ndiyo maana niliutia kwenye sinema.

Kesho yake nilimwendea mama muuza vitumbua, aliyecheka kuliko wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. We si yule wa sinema?" Akaanza kucheka upya.

"Mtoto kafa, mama. Mnacheka nini?"

"Mtoto tulimlilia. Lakini yule mama! Tangu lini mwanamke akafuata jeneza mpaka makaburini, akachota na udongo? Wanaume wamekwenda wapi? Sie mwanamke anabaki ndani, mkekani. Jeneza likitoka mlangoni, hapo ndipo penye kilio."

Loh! Kwetu, Wakristo wa bara, mama huenda kaburini. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba hapa pwani sivyo. Nikawauliza majirani zake, wanaume kwa wanawake, na wote wakanipa jibu hilohilo.

Nilishinda chumbani na mkasi mkononi, nikikitazama kile kipande cha mkanda chenye udongo kwenye mwanga wa dirisha. Jamani, nililia. Kukikata ilikuwa kumzika mama mara ya pili, nami kwa mara nyingine sipo. Nikakikata.

Kwa mkanda mpya kidogo uliobaki nikapiga picha ya mlango: jeneza linatoka, wanawake wamemshika mfiwa mkekani, naye ananyoosha shingo mpaka halionekani tena.

Jumamosi, baada ya sala ya isha, uwanja ulijaa. Mwalimu alikunja mikono. Jeneza lilipotoka nilifumba macho nikingoja kicheko. Hakikuja. Kisha mwanamke mmoja akaangua kilio, na mwingine, na mwingine. Mwalimu akanipiga begani akasema nitabaki. Wala sikufurahi.

Yule mama wa vitumbua akaja, anajifuta macho kwa khanga.

"Sasa ndio msiba," akasema. Akanitazama. "Na wewe je? Mtu hapigi picha ya mlango vile bure. Umefiwa na nani?"

"Na mama. Sikuwahi maziko."

"Masikini! Na matanga umekaa wapi?"

"Sikukaa, mama. Nilikuwa darasani."

Akawaita wenzake, akatandika khanga yake palepale mchangani mbele ya shuka, akanivuta mkono nikae. Wakaja mmoja mmoja, wanawake walewale walionicheka, wakaketi kunizunguka. "Pole, mwanangu. Pole sana." Gari la sinema lilipiga honi kuniita, nao wakamwambia dereva asubiri, hapa kuna mfiwa.

Ndiyo matanga pekee niliyomkalia mama yangu.