Siku Arobaini za Joyness na Intaneti ya Ukutani

Joyness hakuwahi kusomea kompyuta. Alimaliza darasa la saba Ubaruku, akakaa mwaka mmoja akipepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa, kisha shangazi yake akampeleka Mbeya kufanya kazi za ndani kwa Blandina, mwenye steshenari pale Mwanjelwa. Kompyuta alizijua kwa kitambaa. Kila asubuhi alifuta kibodi herufi moja baada ya nyingine, akajua A inakaa wapi na M inakaa wapi kabla hajajua zinafanya nini. Siku moja dada aliyekuwa anachapa alikwenda Iringa kusalimia kwao, akabaki huko huko. Mwalimu mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza na barua yake ya mkono, ana haraka. Joyness akaweka kitambaa chini, akavuta kiti, akachapa.

Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka sita. Katikati hapo aliolewa na Asukile, dereva wa lori la safari ndefu, Mnyakyusa wa Tukuyu, wakapanga chumba cha mwisho nyuma kwa Blandina huyo huyo. Kiti hakukiacha. Vijana waliokuwa wanaomba vyuo na kazi kwenye mtandao walikuwa wanauliza kwanza, "Dada Joy yupo?" Kama hayupo, wanasema watarudi. Blandina mwenyewe alijua kutoa kopi na kubana vitambulisho kwenye plastiki, lakini fomu za mtandaoni zilimshinda. Alikuwa anagonga kibodi kwa kidole kimoja kama mtu anayeonja uji wa moto.

Mimba ilipofika mwezi wa tisa, Joyness alianza kukihofia kiti. Kabla yake walishakikalia wasichana wawili waliozaa, na hakuna aliyerudi. Blandina hakuwafukuza. Walikaa ndani siku zao arobaini, na walipotoka wakakuta mtu mwingine amezoea kazi.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Februari, wa kiume, akaitwa Andendekisye, jina la babu yake. Siku ya tatu akafika mama mkwe, Tumpe, kutoka Tukuyu, na mkungu wa ndizi na debe la maziwa ya mgando. Tumpe alikuwa mama mrefu, asiyepaza sauti na asiyerudia neno. Alitazama chumba, akafunga dirisha, akasema, "Mama Ande, hapa hutoki mpaka arobaini ziishe. Duka lipo tu."

"Sawa, mama," Joyness alijibu.

Lakini duka halikuwa lipo tu. Dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na vijana walikuwa wameanza kupanga foleni. Siku ya nane Blandina alikuja kumwona mtoto. Alimpakata, akamsifia pua, halafu akasema bila kumwangalia Joyness:

"Kuna binti anaitwa Mercy. Amemaliza kozi ya kompyuta Iringa. Nimemwambia asubiri kwanza."

"Dada, nileteeni kompyuta moja huku. Nitafanya nikiwa humu humu."

"Na intaneti? Huku si ndiyo shimoni?"

Ni kweli. Nyumba ya Blandina imejengwa kwenye mteremko. Duka liko mbele, barabarani, na vyumba vya nyuma vimechimbiwa kwenye kilima, ukuta wa mwisho umeegemea udongo. Rauta ilikuwa dukani. Mawimbi yake yalipita ukuta wa kwanza wa tofali za kuchoma, yakachoka kwenye wa pili. Mtandao wa simu nao ulipatikana mlangoni tu, ukisimama kwa kuegemea upande mmoja. Kutoboa kuta ili kupitisha waya Blandina alikataa, kwa kuwa alikuwa ametoka kuweka vigae.

"Mpaka Ijumaa ya kufunga dirisha," Blandina akasema. "Ukishindwa, Jumatatu Mercy anaanza. Usininunie, Joy. Na mimi nina watoto."

Aliyeleta dawa ni Sedekia, fundi umeme aliyesuka nyaya za nyumba ile tangu ikiwa msingi. Alikuja na vitu viwili vyeupe, kila kimoja ukubwa wa sabuni ya kipande, vyenye meno ya plagi nyuma na tundu la waya chini. Kimoja unachomeka dukani karibu na rauta, kingine unachomeka chumbani, na intaneti inapita kwenye nyaya za umeme zilizomo ukutani.

"Kwenye umeme?" Blandina aliuliza. "Sasa mita yangu ya LUKU si itakwenda mbio?"

"Kinakula kama kitaa cha kulalia."

"Na ikitokea mtu anapiga pasi, fomu haziungui?"

"Dada Blandina, intaneti siyo shati."

Dukani alimaliza haraka. Chumbani akakuta Tumpe amesimama mlangoni, mikono ameishika nyuma.

"Baba, humu huingii. Kitovu cha mtoto hakijadondoka."

"Mama, dakika mbili tu. Nachomeka, natoka."

"Niambie mimi. Nitachomeka."

Sedekia alikuna kichwa. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale koridoni, mgongo ameupa mlango, akaanza kumwelekeza mama wa watu aliyekuwa hajawahi kuchomeka kitu zaidi ya chaji ya simu.

"Ukutani moja kwa moja, mama. Siyo kwenye ekstensheni."

"Ukutani kuna birika."

"Birika ndilo liende kwenye ekstensheni."

"Limeenda."

"Sasa bonyeza kitufe cha pembeni, uachie. Mimi nakimbia kubonyeza cha dukani. Vinatakiwa vijuane ndani ya dakika mbili."

Zikasikika ndala zake zikipiga vigae mpaka dukani. Joyness, kitandani, mtoto akinyonya, alitazama taa tatu ndogo. Mbili ziliwaka. Ya tatu ikawa nyekundu, ikapepesa, halafu ikageuka kijani.

"Ya kijani!" alipaza sauti.

"Basi ndiyo hiyo hiyo!" Sedekia alijibu kutoka mbali. "Ikiwa kijani njia ni safi. Ikiwa nyekundu njia mbaya. Msihangaike na kitu kingine."

Wakaleta kompyuta, wakaiweka juu ya sanduku la Asukile, na kazi ikaanza. Blandina alikuwa anapiga picha vyeti vya vijana kwa mashine ya dukani, anaviweka kwenye faili walilolifungua wote wawili, na Joyness anavikuta chumbani. Akimaliza fomu, anatuma, karatasi ya kuthibitisha inatoka kwenye printa ya dukani. Kijana anaipokea bila kumwona aliyemjazia. Mmoja aliuliza kama fomu yake imejazwa na roboti. Blandina akamwambia, "Roboti gani, ni mzazi."

Wiki ile ya kwanza walipeleka fomu thelathini na kitu. Joyness alijifunza kuchapa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika mtoto. Tumpe alikuwa anapita na uji, anatupa jicho kwenye kile cheupe ukutani.

Jumatatu jioni radi ilipiga Mbeya nzima. Jumanne asubuhi Joyness alipowasha kompyuta, ukurasa haukufunguka. Akageuka kutazama ukutani. Pale kwenye kile cheupe palikuwa na leso ya mtoto imetundikwa. Alipoifunua, akakuta taa ya tatu ni nyekundu.

Mama mkwe alikuwa anafua nepi kwenye beseni nje ya mlango. Joyness alijua kwamba mama huyu hakipendi kile kitu. Alichomoa, akachomeka tena. Taa ikawaka nyekundu, ikazima kabisa. Saa nne Blandina alituma ujumbe uliopenya baada ya Joyness kuinyoosha simu juu ya kizingiti: vijana kumi na mmoja wapo, nini kinaendelea? Saa sita akatuma mwingine. Nimeongea na Mercy.

Jumatano ikawa vile vile. Joyness hakula mchana. Maziwa yakawa machache, na mtoto akalia. Tumpe akamchukua, akambeba mgongoni, akasema, "Unanishuku mimi."

Joyness alikunja leso ile mara mbili, akaifungua, akaikunja tena.

"Nilikifunika," Tumpe akasema. "Kina jicho, na jicho lilikuwa linamtazama mtoto usingizini. Nimekifunika, sijakichomoa. Ningekichomoa ningekuambia usoni, mwanangu. Mimi sifanyi kitu kwa kificho kwenye nyumba ya mwanangu."

"Najua, mama."

"Hujui. Lakini sasa utajua. Mpigie yule fundi."

Sedekia alikuwa Igawa, anasuka nyaya za nyumba ya kulala wageni. Joyness alisimama mlangoni, kidole kimoja cha mguu ndani na sikio nje, akampata. Sedekia aliuliza maswali kama daktari. Cha chumbani kipo ukutani? Kipo. Birika limerudi pale? Halijarudi. LUKU ina umeme? Ina.

"Basi tatizo lipo dukani. Nenda ukaangalie kimechomekwa wapi."

Joyness akamtazama mama mkwe wake. Tumpe akamtazama yeye. Kutoka chumbani mpaka dukani ni hatua ishirini na tano, Joyness alishawahi kuzihesabu akiwa na mimba. Akainua mguu.

"Rudi," Tumpe akasema. "Mimi sijazaa jana."

Akajifunga kitenge cha pili, mtoto mgongoni, simu mkononi ameishika mbali kidogo kama kipande cha moto, akaenda zake dukani. Joyness alibaki ameshika fremu ya mlango. Alisikia kila kitu, kwa sababu koridoni sauti inapita vizuri kuliko mawimbi.

"Ndaga, mama Tumpe, karibu," ilikuwa sauti ya Blandina, akimsalimia kwa Kinyakyusa. "Mjukuu mmemtoa nje tayari?"

"Bado yuko ndani. Yuko mgongoni kwangu. Kile cheupe kiko wapi?"

"Kipi?"

"Mwenzake na kile chetu."

"Si hicho hapo. Kimekaa salama."

Tumpe akaongea na simu, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Baba Sedekia. Hakiko ukutani. Ukutani kuna kisanduku cheusi chenye taa, na kile cheupe kimepanda juu yake."

Hata bila simu kuwekwa spika, kicheko cha Sedekia kilisikika mpaka koridoni.

"Dada Blandina! Umekiweka kwenye frijigadi?"

"Sasa ulitaka nikiache uchi ukutani na radi hizi? Friji naliwekea, tivii naiwekea, kitu cha bei kama hiki ndiyo nisikiwekee?" Blandina alisema kwa fahari kabisa. Jumatatu, radi ya kwanza ilipopiga, alikwenda jikoni kwake, akakichomoa kile kisanduku kinacholinda friji umeme unapopanda na kushuka, akakileta dukani. Friji lenyewe aliliacha bila kinga siku mbili.

"Sikiliza, dada. Kazi ya gadi ni kuchuja umeme. Intaneti yenu inapita ndani ya umeme kama vumbi kwenye unga. Gadi inaiona uchafu, inaichuja. Unaiweka kizuizini wewe mwenyewe."

"Sasa kumbe ni mimi!"

"Ni wewe."

"Na radi je?"

"Radi ikikaribia, chomoa kabisa. Ikipita, rudisha. Hakuna njia nyingine."

Blandina akakirudisha ukutani, na kule chumbani taa ya tatu iliwaka nyekundu. Ikapepesa. Ikawa kijani.

Ilikuwa Jumatano saa tisa alasiri, na vijana waliobaki walikuwa kumi na tisa. Tumpe hakurudi chumbani mara moja. Alikaa kwenye benchi la dukani na mtoto mgongoni, anatazama mawingu juu ya mlima Loleza. Yakiwa meusi anasema, "Chomoeni." Yakipita anasema, "Rudisheni." Kijana mmoja alilalamika kwamba anacheleweshwa. Tumpe akamwuliza mama yake ni nani na anaishi wapi, kijana akarudi kwenye foleni. Ande alipolia kwa njaa alipelekwa chumbani, akanyonya, akarudishwa mgongoni.

Kufikia Alhamisi jioni walikuwa wametuma tisa. Ijumaa walituma kumi, wa mwisho akiwa binti wa Igawa aliyesahau cheti cha kuzaliwa, ikabidi baba yake akipige picha kwa simu na kukituma. Joyness alisoma fomu ile mara tatu kama kawaida yake. Alibonyeza. Karatasi ikatoka dukani, na akasikia binti akisema asante kwa Blandina.

Jumamosi Blandina alikuja na sabuni za mtoto na kilo mbili za nyama. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Habari ya frijigadi hakuigusa.

"Mercy anaanza Jumatatu," akasema.

Joyness aliendelea kumfuta mtoto mdomo.

"Atatoa kopi. Atakaa mbele, maana mbele panataka mtu. Fomu hatagusa. Jana nimemwambia mama yake, fomu zina mwenyewe."

"Na siku nikitoka, dada?"

"Ukitoka tutaona."

Joyness alitaka kuuliza tutaona nini. Akamfunika mtoto. Blandina alipoondoka, Tumpe akamwambia, "Kazi unayo. Kiti ndicho huna." Akaanza kukata nyama.

Siku ya arobaini Joyness alioga, akavaa gauni la harusi ya shemeji yake ambalo sasa lilimbana kifuani, akatembea zile hatua ishirini na tano. Jua la dukani lilimwumiza macho. Mercy alikuwa kwenye kiti, msichana mwembamba, mwenye heshima. Alisimama haraka.

"Shikamoo, dada. Kaa."

"Marahaba. Kaa tu, mdogo wangu." Joyness alikishika kiti mgongoni, akatazama kibodi. Ilikuwa na vumbi katikati ya herufi. "Wangapi leo?"

"Wawili. Mmoja ajira, mmoja pasipoti."

Alichukua bahasha zao mbili kutoka mezani. Akawauliza majina, akawauliza kama wana namba za vitambulisho, akawaambia wasubiri kwenye benchi. Nyuma, mtoto alikuwa ameanza kunung'unika, na mama mkwe alikuwa anafunga mizigo yake ya Tukuyu. Joyness akarudi koridoni na bahasha kwapani, kwenda kwenye kompyuta iliyo juu ya sanduku.