Mstari Usio na Shamba

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka huinuka nilipoketi nikaenda kusimama mlangoni, kama mtu aliyeitwa nje. Ni siku niliyoombwa radhi na mtu niliyemkosea mimi, nami nikaipokea radhi hiyo.

Jana uliniambia kwamba programu yako ya simu ilikuwa inajifunga yenyewe, ukamwondoa mteja mmoja kwenye orodha, ikatulia. Ulisema kwa furaha. Jibu langu ni hadithi hii. Katika kazi hii yetu mtu akiota mvi mbili tayari ni mzee, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na kompyuta kuukuu na kiburi kipya. Kikundi cha wakulima wa Masanze kikaniomba niwatengenezee programu, ili wapishi wa hoteli na nyumba za wageni za Mikumi waone kwenye simu nani ana nyanya, nani ana vitunguu, wampigie moja kwa moja. Kila muuzaji alikuwa na mstari wake kwenye orodha: picha, jina, bidhaa, na mahali shamba lake lilipo. Simu huja na mistari yake ya kawaida iliyokwisha tengenezwa, lakini mimi niliiona haina sura, nikabuni ya kwangu. Maagizo ya kuuchora kila mstari unapotokea kwenye kioo cha simu niliyaandika mwenyewe. Mstari wangu ulipendeza kweli. Nilimwonyesha kila aliyekubali kutazama, na wengine ambao hawakukubali.

Baadaye akajiunga Mama Nosim, mama wa jamii ya wafugaji wanaokaa uwandani, muuza maziwa. Alinunua simu janja kwa ajili ya jambo hilo tu. Hakuwa na shamba, kwa hiyo mahali pa kuandika shamba akapaacha wazi. Tangu hapo programu ikaanza kusumbua. Ukiifungua inafunguka, ukiteremsha orodha hadi kwenye maziwa, inajifunga. Wapishi wakachoka nayo, nyanya za watu zikaanza kuozea kwenye matenga.

Kwenye kikao cha kikundi mtu mmoja akasema, "Hawa wafugaji, hata kwenye simu wanaingiza ng'ombe shambani." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti, maana kicheko kile kilikuwa kinanitoa kwenye lawama.

Mwenyekiti wetu, Mzee Sefu, akaniuliza, "Ukimtoa huyu mama, itakaa sawa?"

Nikasema itakaa sawa. Nikamtoa palepale, programu ikatulia, wakanipigia makofi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilitundika kalenda juu ya ufa, nikapokea makofi.

Siku chache baadaye Mama Nosim alinifuata Kilosa mjini, kwenye chumba nilichokuwa nafanyia kazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akaiweka simu yake mezani kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuomba radhi, mwanangu," alisema. "Wameniambia nimeharibu simu za watu. Sijui nilibonyeza wapi. Nifundishe nisirudie, halafu unirudishe. Wateja wa Mikumi hawanioni tena, na maziwa hayangoji."

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Badala yake nikasema, "Haidhuru, mama. Haya ni mambo ya kitaalamu. Nitaangalia." Akanishukuru. Aliniachia chupa ya maziwa, na aibu yangu haikunizuia kuyanywa, kwa kuwa sikuwa nayo bado.

Sikuangalia. Kwa nini niangalie, na orodha inafanya kazi?

Mvua zilipokuja, mto ukala shamba la Mzee Sefu kule Chanzuru. Akabaki anauza mayai, na kwenye programu akafuta jina la shamba. Simu zikaanza kujifunga upya, safari hii kwenye mstari wa mwenyekiti. Hakuna aliyetania. Hakuna aliyesema atolewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi mwenyewe nilikimbilia kompyuta, nikafuatilia agizo kwa agizo, na chai yangu haijapoa nikaliona kosa. Katika maagizo ya kuuchora mstari nilikuwa nimeandika kwamba shamba lazima liwepo. Lisipokuwepo, sikuwa nimeiambia simu la kufanya, nayo ikafunga kila kitu. Sikuwa nimemkusudia mtu. Nilidhani tu kwamba kila mtu ana shamba.

Dawa yake ilikuwa agizo moja dogo: shamba lisipokuwepo, paache wazi, endelea. Wepesi wake ndio ulioniumiza. Mwenyekiti nilimtafutia kosa nikalipata asubuhi moja, na yule mama nilimfuta.

Nikapanda basi hadi Mikumi. Nilimkuta kando ya barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa, anawauzia madereva maziwa kwa kikombe kutoka kwenye dumu. Nikamweleza yote: kosa halikuwa lake, lilikuwa langu, na jina lake nimelirudisha.

Alinisikiliza huku akimpimia dereva. Dereva alipoondoka akauliza, "Siku ile nilipokuomba radhi, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama."

"Ulitafuta?"

"Sikutafuta."

Akafunika dumu. "Basi nimetembea na kosa lako muda wote huu," alisema taratibu. "Nyumbani niliwakataza hata watoto wangu wasiguse simu, nikisema mama yenu aliharibu za watu. Kisha nikaiuza."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kujitetea. Alinimiminia kikombe cha maziwa, akakataa malipo, nami nikanywa nimesimama, sina pa kutazama. Kwenye orodha hakurudi tena.

Mwanangu, programu ikijifunga kwa mtu mmoja, usimwondoe mtu huyo. Amekuonyesha mahali ulipomsahau. Mwache kwenye orodha, rudi kwenye maagizo yako ya kuuchora mstari, ujiulize ni kitu gani ulichodhani kila mtu anacho. Na mtu akikuomba radhi kwa jambo ambalo hujalichunguza, usiipokee. Mwambie sijui, naangalia, kisha uangalie kweli. Yule mteja uliyemtoa jana, mrudishe leo kabla hujala. Halafu mpigie, umwambie kosa ni la nani. Mimi nilichelewa, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mwingine.

Mungu akupe jicho la kuliona kosa lako lingali dogo, na ulimi mwepesi wa kulikiri. Akujalie watu wengi kwenye orodha zako, wenye mashamba na wasio nayo, na asiwepo hata mmoja atakayewakataza watoto wake kugusa simu kwa ajili yako. Amina.