Hayupo Yupo

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko limekaa hadi leo bila kumsumbua mtu. Kuanzia mtaani hadi duka la vifaa anakonunua paipu, fundi bomba huyu anaitwa Hayupo. Ukimpigia simu unasema, "Hayupo, upo?" Naye anajibu, "Nipo." Msishangae. Jina hilo alijipa mwenyewe, mezani, enzi hizo hata kijiko bado anakishika kwa ngumi.

Kwao palikuwa na vyumba vitatu na meza moja kubwa kupita kiasi, iliyoingizwa ndani kwa kung'oa mlango. Baba yake, fundi bomba vilevile, akirudi kazini alinawa mikono mpaka viwiko, akaketi, akazungusha macho mezani, kisha akauliza, "Nani hayupo?" Kabla ya swali hilo hakuna aliyegusa chakula. Sasa huyu kitinda mimba alikuwa amemwona dada yake akicheza mchezo wa shule, mwalimu anaita, watoto wanaitikia. Jioni moja akadhani zamu yake imefika. Akanyoosha kijiko juu, akapiga kelele, "Mimi!"

Weee! Kaka yake mkubwa alicheka mpaka maji yakamtokea puani. Baba, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, alijifuta macho kwa kiganja, akasema, "Kama huyu hayupo, basi mpeni ukoko, asife njaa huko aliko."

Ikawa sheria ya nyumba. Baba akiuliza tu, watoto wote wanapayuka "Mimi!" kwa mpigo, na anayesikika kwanza anapewa ukoko wa wali, ule mkavu wa chini ya sufuria unaolia mdomoni. Jamani, kelele zake! Jirani alikuwa anajua saa ya chakula bila kuangalia saa. Mama wakati huo yuko jikoni anaukwangua huo ukoko, na anapotoka akijifuta mikono kwenye sketi, sahani za wenzake zimeshafika nusu.

Alipokuwa kijana anamfuata baba yake kazini na begi la spana, Hayupo alimpenda msichana wa kaunta pale duka la vifaa. Alikwenda kununua nati ambazo hakuzihitaji mpaka begi likawa zito. Mwisho akamkaribisha nyumbani kwa chakula, lakini kwa woga wake akasahau kumwambia habari ya jina. Msichana akafika, kavaa kapendeza, akapiga hodi.

"Samahani, fundi yupo?"

Dada mtu akageuka akapaza sauti ndani, "Eti, Hayupo yupo?"

"Hayupo hayupo!" kaka akajibu kutoka uani. "Lakini yupo, kaenda dukani tu!"

Msichana wa watu akasema asante, akageuka zake. Nani angemlaumu? Hayupo alimkuta getini, soda mkononi, akamweleza huku jasho linamtoka. Jioni hiyo baba alipouliza swali lake, mgeni ndiye aliyewahi kuliko wote: "Mimi!" Akapewa ukoko. Hapo hapo mama yake Hayupo akamaliza mashauri yote moyoni mwake. Harusi ilikuwa taratibu tu za kufuata.

Kaka na dada walipotawanyika kila mmoja na maisha yake, Hayupo ndiye aliyebaki nyumbani na mkewe na wazee. Kisha baba akafariki. Watu walipokwisha kuondoka msibani, familia ikaketi mezani kwa mara ya kwanza bila yeye, na macho yote yakamgeukia Hayupo. Yeye sasa ndiye mwenye nyumba. Akafungua kinywa. Akakiona kile kiti cha baba yake. Akamtazama mama yake aliyesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, akawaza, nitamuulizaje mama yangu swali hilo, na jibu lake kila mtu analiona? Itakuwa kumchoma kisu.

"Haya, tuleni," akasema.

Mama akamwangalia kidogo, akarudi jikoni. Swali likaishia hapo.

Maisha hayakuwa mabaya, nisije nikawadanganya. Hayupo alipata watoto wake, wakamwaga maji mezani, wakabishana, wakakua, wakaanza kula huku wanachezea simu. Alikuwa baba wa utani mwingi na kazi zake zilikuwa hazivuji. Lakini kila jioni, kabla ya kijiko cha kwanza, kulikuwa na kimya kifupi ambacho yeye peke yake alikijua, naye alikimeza kabla ya chakula.

Mwaka huu binti yake akapata kazi mbali, mbali kweli, ya kurudi nyumbani mara moja moja. Siku ya mwisho kabla ya safari akamfuata baba yake uani.

"Baba, shangazi alishanihadithia lile swali la babu. Leo uliulize. Nisije nikaondoka hapa sijawahi kulisikia."

"Bibi yako ataumia, mwanangu."

"Ulishamuuliza?"

Hayupo alichukua spana akaenda kukaza koki ambayo haikuwa na shida yoyote, akaikaza mpaka ikaanza kuvuja kweli. Asipouliza, binti anaondoka na kinyongo. Akiuliza, anamliza mama yake mbele ya watu.

Jioni wakaketi. Mama, ambaye magoti yake yalishakataa kazi ya jikoni, alikuwa ameketishwa mezani kama bibi harusi, shali mabegani. Wali ukaletwa. Binti akamkazia baba yake macho. Hayupo akashika ukingo wa ile meza, na sauti ikamtoka nyembamba, siyo yake kabisa.

"Nani hayupo?"

Wote wakamtazama bibi.

"Mimi," akasema bibi.

"Mama, wewe si upo hapa?"

"Leo nipo. Lakini baba yako miaka yote akiuliza, mimi nilikuwa wapi? Si jikoni, nakwangua ukoko wenu! Na kila siku niliitikia. 'Mimi!' Mngenisikia saa ngapi, na kelele zile kama mnada?"

Binti akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Hayupo hakucheka.

"Mimi niliacha kuuliza kwa ajili yako, mama. Nilidhani litakuumiza."

"Uliponiumiza ni ulipoliacha," akasema mama, tena bila hasira. "Nikasema, haya, sasa hata nisipokuwepo hakuna atakayeuliza."

Hayupo akainama. Machozi yalimtoka waziwazi, mtu mzima na mvi zake, wala hakuyaficha. Mama akamshika mkono, akaupigapiga juu ya meza. Ndipo sauti ikatoka jikoni, kubwa, ya mtu aliyekuwa akisikiliza muda wote.

"Na mimi!"

Mkewe! Hayupo aliinuka nusura aangushe kiti. Akaenda jikoni, akampokonya mwiko, akamwambia, "Nenda kakae, mke wangu. Tafadhali nenda kakae." Akaukwangua ukoko kwa mkono wake mwenyewe, vibaya, nusu ukabaki kwenye sufuria, akauleta kwenye sahani na kumwekea mama yake mbele.

"Bibi, na meno yako hayo?" binti akauliza.

"Meno yanakuhusu nini? Leteni mchuzi niloweke."

Akaumega vipande viwili, kimoja akampa mkaza mwanawe, kingine akakitia kwenye mchuzi. Hayupo alinyoosha mkono kuomba kidogo, akapigwa kofi la vidole.

"Wewe upo," mama akamwambia. "Kula wali."