Akeno Aliyekataa Kuvua Shanga

Mwaka wa 1974, mjini Lodwar, gereji moja tu ndiyo iliyothubutu kufungua injini ya kigari cha mgongo wa kobe, kile kisicho na rejeta, ambacho injini yake iko nyuma na hupozwa kwa upepo. Gereji hiyo ilikuwa ya Mureithi, mtu aliyetoka Kenya, kama watu wa Turkana wanavyopaita kule kote ng'ambo ya Kainuk, mpaka wao wa kusini. Na ndani ya gereji hiyo, kati ya pikapu mbovu ya fundi huyo na pipa la mafuta ya taa, alikaa Akeno akiosha vyuma.

Alikuwa ameviosha kwa miaka sita. Aliletwa Lodwar akiwa mtoto, njaa ilipomaliza mbuzi wa baba yake, akala uji wa kambi, akakua, na malishoni hakurudi tena. Hakujua kusoma. Lakini mmwagie mbele yake nati mia za magari kumi, angekutajia kila moja ilitoka wapi na nani aliifunga vibaya. Hilo la mwisho ndilo lililomkera Mureithi.

"Nifundishe kufunga," Akeno alimwambia, tena si mara moja.

"Toa kwanza hiyo shanga. Mkanda wa feni ukiishika, itakunyonga, halafu mimi niende jela?"

Shanga zilimjaa Akeno kutoka mabegani hadi kidevuni. Kwao, mwanamke huzivua akiwa na msiba.

"Mimi sijafiwa," alijibu. "Nitafunga na kitambaa. Lakini kutoa, sitoi."

"Basi osha."

Akaosha, moyo ukimchemka. Mureithi mwenyewe alitumbukiza mikono ndani ya injini akiwa amevaa saa kubwa ya chuma, na hakuna aliyewahi kumwambia aivue.

Kigari kimoja cha aina hiyo kilikuwa cha Jepkoech, muuguzi aliyekwenda Kakuma kila mwezi kuchanja watoto. Kwa mwaka mmoja kilikuwa kimeunguza vali tatu. Jepkoech alipochoka, alimwandikia kaka yake wa Nakuru, fundi wa magari ya mashindano, naye akatuma mkebe mzito. Ndani mlikuwa na vali za chuma kigumu, springi nene, na fimbo nane za chuma, zile zinazosukuma vali zifunguke, badala ya fimbo za zamani za alumini. Pamoja nazo barua fupi, ambayo Jepkoech aliisoma kwa sauti: fimbo hizi zifungwe bila kuacha nafasi hata ya karatasi, na injini iwe baridi kabisa.

Mureithi alizifunga vali na springi vizuri, hilo tusimnyime. Akaiacha injini ilale hadi kesho yake. Asubuhi, kama desturi yake kabla ya kupima injini yoyote, akanywa chai, akasoma gazeti la wiki iliyopita, akaongeza kikombe, ndipo akaja kupima fimbo. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa tano.

"Imelala masaa kumi na sita. Imepoa."

Akeno aliweka kiganja juu ya chuma. "Fundi, hii iko moto."

"Moto gani na haijawashwa tangu jana? Rudi kwa pipa lako."

Mchana huo gari liliwaka vizuri. Alfajiri iliyofuata, Jepkoech alipotaka kusafiri, likakataa katakata. Saa sita likawaka tena. Alfajiri likakataa. Mureithi alitukana mkebe, akamtukana na kaka wa Nakuru, kisha akaamua kwenda Kitale kutafuta vali za kawaida. Kabla ya kudandia lori alimnyooshea Akeno kidole.

"Usiguse hiyo injini. Ukigusa, nikirudi nisikupate hapa."

Akeno hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Alibaki akilitazama lile gari na kulifikiria. Gari gani hili linalokataa kwenye baridi na kukubali kwenye joto? Saa tano ya Lodwar, bati la gereji linawaka na kila chuma chini yake kimevimba. Injini ile inavimba zaidi ya fimbo za chuma. Mureithi alikuwa amepima injini iliyovimba. Ilipopoa ikanywea, fimbo zikawa ndefu kuliko nafasi yake, zikazishikilia vali zisifungike, na injini ikakosa nguvu ya kuwaka. Hata zile vali tatu za zamani hazikuwa na kosa. Ziliunguzwa na vikombe viwili vya chai.

Jioni Jepkoech akaja amekunja uso. "Akina mama wa Kakuma wananingoja kesho. Nitawaambia nini?"

"Kuja saa kumi na moja asubuhi. Na tochi."

"Na Mureithi?"

"Mureithi iko Kitale."

"Atakufukuza, dada."

"Afukuze. Lakini gari itawaka."

Kulipopambazuka chuma kilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Akeno alizifunga shanga zake kwa kitambaa, akazikaza kweli kweli, akalala chali kwenye mchanga. Jepkoech alimulika. Fimbo ya kwanza, Akeno aliizungusha kwa vidole viwili huku akikaza skrubu kidogo kidogo, mpaka ikawa inazunguka ila haichezi. Ya pili, ya tatu, ya nne. Akahamia upande wa pili. Alipofika ya saba, mwanga mwekundu uligusa ukingo wa bati.

"Jua hilo," Jepkoech alisema.

"Naona. Wachana nayo."

Ya nane ikakaa sawa. Jepkoech akatia ufunguo, na injini ikashika mara moja, ikinguruma bila kikohozi. Akeno alicheka peke yake chini ya gari, uso umejaa mchanga.

Walikwenda wote wawili, Akeno akiwa amepakata sanduku la chanjo. Walivuka laga, ile mito mikavu ya mchanga, jua likapanda, milima ya Pelekech ikatokea, na Kakuma akina mama walikuwa bado wamepanga foleni. Lakini Akeno hakushangilia. Walilala huko, naye akangoja alfajiri ya pili, baridi ilipolishika gari tena. Likawaka kwa jaribio la kwanza. Hapo ndipo alipopiga kigelegele, na watu wa Kakuma wakadhani kuna harusi.

Walipoingia Lodwar, Mureithi alikuwa amesimama langoni na vali zake za Kitale ndani ya gazeti.

"Nilikwambia usiguse."

"Uliniambia. Nimegusa. Sasa fukuza."

Mureithi aliisikiliza injini kwa muda mrefu. Alikuwa fundi, na fundi hawezi kuyadanganya masikio yake.

"Uliacha nafasi kiasi gani?"

"Hakuna nafasi. Kama barua ilisema."

"Hata mimi sikuacha!"

"Wewe ulipima jua, fundi. Kuja kesho kabla haijatoka. Nitakuonyesha na ile pikapu yako."

Alikuja. Alikuja gizagiza akipiga miayo, bila chai, akamkuta Akeno ameshafunga kitambaa shingoni na spana iko mkononi. Mureithi akainama, akanyoosha mkono kuelekea injini.

"Hiyo saa yako, fundi," Akeno alisema. "Toa kwanza."

Mureithi alimtazama. Akazitazama shanga. Kisha akafungua mkanda wa saa, akaitia mfukoni.

"Sasa shika tochi," Akeno akamwambia.