Tembe Mbili Zangu

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka ishirini na sita, ngiri ilinitoka tumboni nikichimba kisima kwenye mchanga wa mto mkavu, upande wa Kitui. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo nilikula kwa nguvu za mwili, na sasa mwili umekataa.

Hospitalini nililazwa wodi ya wanaume. Daktari alitueleza sisi wa kupasuliwa kesho yake kwamba saa moja kabla ya kisu, kila mtu atameza tembe mbili za maumivu na funda moja la maji. Sindano kali za kutuliza uchungu ukishaamka zilikuwa chache. Hizi zilikuwa tembe za kawaida tu, ila zikiingia mapema, unaamka dawa imeshaenea mwilini. Nilimwelewa. Hata kisima unakitia kuta kabla hakijakuangukia.

Asubuhi dresa, yule mfunga vidonda wa wodi, akaja na tembe kwenye sahani. Kwenye kitanda kilichofuata changu alilala baba mkwe wa dresa huyo, naye wa kupasuliwa kama mimi. Kwetu Ukambani mtu na mkwe wake huheshimiana mpaka kuogopana, na kumsikia baba ya mke wako akilia kwa uchungu ni aibu kubwa kwenu wote. Dresa akampa mzee tembe nne. Nikamwuliza zangu ziko wapi.

"Wewe ni mchimba visima," akaniambia. "Watu kama nyinyi hamsikii uchungu."

Wodi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, na kwa hilo sijawahi kujisamehe.

Niliamka mchana. Nililia, mimi mtu mzima, nikamwita mama yangu aliyekuwa kaburini miaka minne. Mzee wa tembe nne alikuwa amelala kimya. Dresa akapita akaniambia nisisumbue wagonjwa. Nilimwangalia uso vizuri nisije nikamsahau.

Kisimani sikurudi. Niliuza karanga, nikauza mitumba, nikauza mbegu za pamba, mpaka nikajenga duka mbele ya hospitali ileile. Miaka ya tisini ikafika, hospitali ikawa na vitanda lakini dawa mgonjwa anajinunulia nje, kwenye maduka kama langu. Siku moja akaingia mama mmoja kutafuta tembe za bwana yake, anapasuliwa nyongo. Alipotaja bwana yake ni nani, nilimwambia mwenyewe aje.

Alikuja. Nywele nyeupe, shati la hospitali, ameshika mbavu. Mkwe wake, kijana aliyeoa binti yake, alimsindikiza akabaki nje kwenye baraza.

"Mzee, niuzie zile tembe," dresa akasema.

"Za nini?"

"Napasuliwa leo. Daktari amesema nimeze kabla."

"Kwani dresa pia husikia uchungu?"

Ndipo akanijua. Akatupa jicho nje, akashusha sauti. "Tafadhali, si mbele ya mkwe."

Nikamwita mkwe aingie. Nikamwambia dresa aseme tena anachotaka, na kwa nini, na tembe zilikuwa hapo juu ya kaunta tunaziona sote. Saa ya kisu ilikuwa inakuja na yeye alijua kuliko mtu yeyote dukani.

"Naogopa uchungu," akasema. "Naomba tembe."

Mkwe aliangalia sakafu. Nikampa mbili, na maji funda moja, akameza nikiona.

Watu wameniambia nilifanya vibaya. Hao ni watu waliopewa tembe zao.

Alasiri nilifunga duka nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya wodi. Nilitaka kumsikia. Aliamka, akaomba maji, akamwuliza mke wake kama ng'ombe wamenyweshwa. Hakulia hata kidogo. Tembe zangu zilifanya kazi sawasawa, na hilo linaniudhi mpaka leo. Lakini maneno ya dukani yalishasemwa. Mkwe yule tangu siku hiyo akimwona njiani hukata kona.

Leo nina maduka mawili, lori moja, ekari kumi na mbili za machungwa kule Kalamba, ng'ombe tisa, nyumba ya mawe, na ploti inayopakana na lango la dresa. Kwenye ploti hiyo sijajenga kitu. Huwa naenda tu kusimama.